Gunia Chini ya Kitanda: Nafasi ya Chakula katika Nyumba Ndogo za Nakuru

Kati ya Oktoba na Januari, mahindi huingia Nakuru kutoka kila upande. Mengine hutoka karibu, Njoro, Rongai, Subukia na Bahati. Mengine husafiri kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu. Sehemu kubwa huishia kwa wasagaji na wafanyabiashara. Lakini yako magunia yanayofungwa juu ya keria ya matatu, yametumwa na mzazi au ndugu aliyebaki shambani kwa jamaa yake anayepanga Kaptembwo, Rhonda, Free Area au Bondeni. Gunia likishateremshwa mlangoni, swali ni moja: litakaa wapi?

Chumba chenyewe mara nyingi ni futi 10 kwa 10, yaani mita za mraba 9 na ushei. Humo mna kitanda, viti, meza, meko, mtungi wa gesi, nguo, vitabu vya watoto, na mitungi ya lita 20 ya maji, kwa kuwa mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Katika ugavi huo chakula huja mwisho. Hupewa mahali palipobaki: nyuma ya mlango, kando ya ukuta, juu ya sakafu tupu. Na hapo palipobaki ndipo kinapoharibika.

Nafasi ya chakula ipo hata katika chumba cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba tunaanza kuitafuta kutoka mwisho. Kabla ya kuuliza gunia liwekwe wapi, yapo maswali mawili yanayotangulia: chakula hiki kimekauka kiasi gani, na je, kinastahili kuingia ndani au kiachiwe soko? Anayeyajibu hayo hukuta chumba kinatosha kwa mengi kuliko alivyodhani. Kwa yale yasiyotoshea, jibu halimo ndani ya chumba wala mikononi mwa mama wa nyumba peke yake. Liko kwa wenye ploti na kwa wanaojenga.

Chumba kilichojengwa bila ghala

Uchache wa nafasi ya chakula katika nyumba za mjini haukutokea kwa bahati mbaya. Nakuru ilikua kando ya reli iliyofika mwaka 1900, na Mwafrika aliyekuja kufanya kazi humo alihesabiwa kuwa mpita njia. Alipewa chumba kama mtu asiye na mke wala watoto, na mara nyingi sehemu ya ujira wake ilikuwa posho ya unga wa mahindi. Mtu anayepimiwa unga hahitaji ghala, ndivyo mpango ulivyodhani. Ghala lilibaki kijijini, na mke alibaki kulilinda.

Mji wenyewe, hata hivyo, ulijaa maghala. Chama cha wakulima cha KFA, kilichoanzishwa na walowezi katika miaka ya 1920, kiliweka makao yake hapa. Baadaye ikaja Halmashauri ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, na maghala yake makubwa. Hivyo Nakuru ikajua sana kuhifadhi nafaka ya taifa, huku chumba cha mkazi wake kikijengwa bila hata rafu ya kuwekea debe moja.

Kipimo cha chumba hicho kikarithiwa. Mtaa wa manispaa wa enzi za ukoloni, ploti ya mabati ya miaka ya 1980 na bedsita ya ghorofa inayopanda leo vina desturi moja: panahesabiwa mahali pa kulala, siku hizi hata choo huhesabiwa, lakini mahali pa nafaka hapahesabiwi. Wakati huo huo aliyemo ndani amebadilika. Si mseja tena. Ni familia ya watu wanne au watano, na mara nyingi bado ina shamba, dogo au la ukoo, linalotuma mavuno.

Nyumba za zamani za eneo hili zilikuwa ndogo pia, lakini zilijengwa zikijua chakula. Juu ya moto wa nyumba ya Kikuyu palikuwa na itara, jukwaa la kuwekea kuni na mbegu. Nje palikuwa na ghala lililoinuliwa kwa miguu. Wakalenjin waliweka maziwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, yakaganda kuwa mursik na kudumu kwa wiki bila barafu. Mbinu zilikuwa tatu: kuinua chakula kutoka chini, kukikausha kwa moshi na upepo, na kukigeuza kiwe cha aina inayodumu. Gesi na umeme vimeondoa moshi. Hizo mbinu nyingine mbili bado zina kazi, na mahali pa moshi panahitaji kitu kingine.

Ukavu kwanza

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya aflatoksini na 125 wakafa. Sumu hiyo hutolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka yenye unyevu, na kupika hakuiondoi. Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo linalomhusu kila anayeishi katika chumba kimoja: waliokuwa wameweka mahindi ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa kuliko waliotumia ghala la nje. Njaa na hofu ya wizi ziliwafanya watu wavune mapema na kuyaficha mahindi mabichi ndani, penye joto na pasipo na hewa.

Bonde la Ufa la kati lina baridi zaidi, na Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Baridi husaidia, lakini haitoi kinga. Mvua za Oktoba na Novemba huyakuta mahindi bado shambani au ndiyo yanavunwa. Na chumba cha futi 10 kwa 10 hutengeneza unyevu wake chenyewe: ugali unachemka, watu watano wanapumua usiku kucha, nguo za shule zinakaushwa kwenye kamba. Alfajiri mvuke huo hugandia mabati na kudondoka. Sakafu ya saruji nayo hupandisha unyevu wa ardhi taratibu hadi kwenye kitako cha gunia. Ndiyo maana gunia lililokauka vizuri Desemba linaweza kunuka ukungu Machi bila tone la mvua kuligusa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yanaoza. Kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5, na wengi wetu hatuna mashine ya kukipimia. Lipo jaribio la chumvi ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Tia vijiko vichache vya chumvi iliyokauka kabisa katika chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na gunia halistahili kuingia ndani. Isiponata, anika siku moja au mbili zaidi kabla ya kuweka kwa miezi. Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo, kwa sababu kuvu hutoka huko.

Kwa mwenye magunia mengi, ni busara kuyakausha huko huko shambani kabla ya kulipa nauli. Mwaka 2023 serikali ilianza kusambaza mitambo ya kukaushia nafaka inayohamishika katika kaunti mbalimbali, na maghala ya NCPB hukausha kwa malipo. Kusafirisha mahindi mabichi hadi kwenye chumba kimoja ni kulipa nauli ya maji, kisha kuyalaza maji hayo pamoja na watoto.

Hesabu ya kitanda

Nafaka ikishakauka, nafasi kubwa zaidi ndani ya chumba iko chini ya kitanda. Kitanda cha futi 4 kwa 6 hufunika karibu robo ya chumba. Kikiinuliwa kwa tofali kila mguu hadi pawe na futi moja na nusu chini yake, hupatikana takriban mita moja ya ujazo. Gunia la kilo 90 la mahindi huchukua kama mita za ujazo 0.125. Kwa hesabu tupu magunia manane yangeingia. Kwa hali halisi, kwa kuwa gunia halijipindi kama tunavyotaka na lazima hewa ipite, mawili au matatu yatalala vizuri na pabaki pa ndoo na viatu.

Magunia mawili ni kitu gani kwa familia? Nyumba inayosaga kilo moja kwa siku humaliza gunia kwa miezi mitatu. Mawili ni nusu mwaka: kutoka mavuno ya Desemba hadi Juni, mwezi ambao kwa kawaida mahindi ya zamani yameadimika na mapya hayajakomaa. Kwa maneno mengine, kipindi kigumu kuliko vyote katika kalenda ya unga kinaweza kutoshea chini ya kitanda kimoja.

Masharti ni machache, ila hayana mjadala. Gunia lisiguse sakafu: liweke juu ya mbao au chaga. Lisiguse ukuta: liache upana wa kiganja. Nafaka ipepetwe na kuchekechwa kwanza, kwa sababu wadudu wengi huja nayo kutoka shambani. Fukusi ni wa zamani, lakini dumuzi ni mgeni mharibifu zaidi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akaingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983, na hula mahindi hadi yakabaki vumbi.

Hapo ndipo mahali pa moshi panapojazwa na mfuko usiopitisha hewa. Ule unaojulikana zaidi, PICS, ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wakishirikiana na wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Una mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Ukifungwa kwa kukazwa, wadudu walio ndani hutumia oksijeni iliyopo, huacha kula, kisha hufa. Hautumii dawa. Katika nyumba ambamo watu wanalala juu ya chakula chao, hilo ni jambo la uhai. Vidonge vya fosfini vinavyotumika katika maghala makubwa hutoa gesi inayoua watu. Visiingie kamwe katika chumba cha kulala, hata kwa usiku mmoja.

Mfuko huo una udhaifu wake: panya huutoboa, na kila unapofunguliwa hewa huingia. Dawa ya yote mawili ni kugawa. Acha gunia limefungwa, toa debe moja kwa wakati, na uliweke debe hilo katika ndoo yenye kifuniko kinachobana. Kwa maharagwe na ndengu, mtungi mgumu wa plastiki wa lita 20 uliooshwa na kukaushwa kabisa hufanya kazi ya mfuko na ya sanduku kwa pamoja. Hubeba takriban kilo 15, panya huutoboa kwa taabu, husimama pembeni au hulala chini ya kitanda, na ukijazwa hadi shingoni hewa inayobaki ni kidogo sana. Mitungi minne ni kilo 60 za maharagwe katika eneo lisilozidi kiti kimoja.

Kile kinachostahili, na kile kinachopaswa kubaki nje

Chumba kidogo hakiwezi kuwa na ukarimu kwa kila chakula. Nafaka na kunde vinastahili nafasi kuliko vingine vyote, kwa sababu vinadumu, vinashibisha, na bei yake hupanda na kushuka kwa msimu. Ila viwekwe vikiwa punje. Unga wa mahindi usiokobolewa una mafuta ya kiini na huchacha baada ya wiki chache. Saga kile utakachomaliza kwa majuma mawili au matatu, na kisiagi cha mtaani kitakungoja.

Waru, yaani viazi, ni habari nyingine. Molo, Kuresoi, Mau Narok na Nyandarua ziko karibu, na kishawishi cha kununua gunia zima la kilo 50 ni kikubwa wakati wa mavuno. Lakini Shangi, aina inayolimwa zaidi, hailali muda mrefu. Huchipua ndani ya wiki chache. Ikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kufanya uchungu wenye sumu. Inahitaji giza, ubaridi na hewa kwa pamoja, vitu ambavyo chumba cha familia hakina kwa wakati mmoja. Nunua ndoo moja, iweke katika kikapu au gunia jepesi mahali pa giza, na uimalize. Gunia zima la waru katika chumba kimoja ni hasara iliyolipiwa mapema, isipokuwa majirani watatu au wanne waligawane siku hiyo hiyo.

Mboga za majani hazistahili nafasi kabisa, kwa sababu mama mboga yuko hatua chache tu, na sukuma wiki yake ya asubuhi ni bora kuliko yako ya jana. Kinachofaa kuwekwa ni mboga zilizokaushwa: kunde, managu na terere zikichemshwa kidogo na kukaushwa kivulini hupungua zikawa konzi chache, na zinatundikwa ukutani. Ukuta na sehemu ya juu ya mlango ndiyo nafasi inayosahaulika zaidi. Rafu ya mbao moja juu ya mlango hubeba chai, sukari, chumvi, mboga kavu na dagaa. Kisiwekwe huko kitu kizito, wala kitu kilicho wazi chini ya mabati yanayodondoka.

Friji huonekana kama jibu la mwisho, lakini katika chumba cha futi 10 hula nafasi ya magunia mawili na hudai tokeni za umeme kila wiki. Faida yake ya kweli ni chakula kilichopikwa: maharagwe yaliyochemshwa mara moja kwa wiki huokoa gesi nyingi. Nyumba yenye watoto wadogo au mgonjwa inaweza kuona thamani yake haraka. Kwa nyingine, ubaridi wa usiku wa Nakuru na kununua maziwa ya siku hutosha.

Gharama ya kuliachia duka kila kitu

Wapo watakaosema mjini ghala ni duka la jirani, na kwamba kununua kidogo kidogo ndiko kunakolingana na kipato cha siku. Hoja hiyo ina ukweli. Anayelipwa kila jioni hawezi kununua gunia Desemba, mwezi ambao karo ya Januari tayari imeanza kubisha hodi. Mwenye duka huchukua hatari ya kuoza na ya panya, na mara nyingi huandika deni. Hiyo ni huduma, na ina haki ya malipo.

Lakini malipo hayo hupanda wakati mbaya kuliko yote. Katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilivuka shilingi 200. Serikali ilitangaza ruzuku ya kuishusha hadi 100, na kwa wiki kadhaa wengi waliitafuta pakiti hiyo ya bei nafuu bila kuipata. Mwaka 2017 mambo yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na bei ya ruzuku ikiwa 90. Katika vipindi hivyo viwili, aliyekuwa na gunia moja kavu chini ya kitanda hakuhitaji kungoja tangazo lolote. Gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia mahindi, kila siku ni nafuu ya leo tu. Mwisho wa mwaka aliyenunua kwa gorogoro amelipa zaidi kwa mahindi yale yale.

Njia ya katikati ni chama. Wanawake wa ploti moja wanaochanga kila wiki tangu Agosti wanaweza kununua magunia kwa pamoja Desemba na kuyagawa kwa debe. Wanagawana pia gharama ya usafiri, na mmoja wao akiwa na jamaa shambani, wanajua mahindi yametoka wapi na yalikaushwaje.

Ghala la ploti

Yako mavuno yasiyoenea chini ya kitanda. Familia yenye magunia matano au sita kutoka shamba la Rongai au Subukia leo ina njia mbili: kuyauza wakati bei iko chini kabisa, au kuyabana ndani na kulala nayo. Ndipo linapokuja suala la ghala la pamoja.

Chukulia ploti ya vyumba 21, na kimoja kifanywe ghala. Magunia 40 ya kilo 90, mawili kwa kila nyumba, yakipangwa manne kwenda juu yanahitaji kama mita za mraba 5. Chumba kinatosha na njia ya kupita inabaki. Tuseme kodi yake ni shilingi 3,000 kwa mwezi: kila nyumba inachangia 150, yaani 75 kwa gunia. Kwa miezi sita ni 450, na ukiongeza mfuko usiopitisha hewa kwa takriban 250, gunia limegharimu shilingi 700 kulihifadhi. Bei ikipanda zaidi ya hapo kati ya Desemba na Juni, kuna faida. Isipopanda hivyo, hakuna. Na serikali ikifungua uagizaji wa mahindi kutoka nje, bei inaweza isipande.

Hesabu hiyo inatufundisha kwamba ghala la ploti halina maana kama biashara ya kubahatisha bei. Lina maana kwa kula, kwa sababu anayekula mahindi yake hushindana na bei ya pakiti dukani, ambayo ndani yake mna kiwanda, karatasi, lori na faida ya kila mkono ulioipitisha. Pia linaondoa kuvu na vumbi mahali watoto wanapolala. Mwenye ploti asiyeweza kutoa chumba kizima anaweza kutoa kona iliyoezekwa, iliyoinuliwa kutoka chini, yenye wavu na kufuli. Vikwazo vya kweli ni uaminifu na wadudu wa gunia moja kuhamia jingine. Cha kwanza hutatuliwa kwa funguo mbili na daftari, cha pili kwa sheria kwamba gunia lisilopita jaribio la chumvi, au lisilo katika mfuko uliofungwa, haliingii.

Mita moja ya mraba

Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na inajenga. Mradi wa nyumba za bei nafuu wa Bondeni peke yake una nyumba 605, na ploti za watu binafsi zinaota kila upande, Lanet hadi Kiamunyi. Maamuzi ya wachoraji wa ramani wa miaka hii yataamua jinsi watu watakavyokula kwa miaka 50 ijayo, kama walivyoamua wale wa zama za reli.

Ombi ni dogo. Katika nyumba ya mita za mraba 40, stoo ya mita moja ya mraba ni asilimia 2.5 tu ya eneo. Ikiwa na sakafu iliyoinuliwa, tundu la hewa juu na chini, na wavu wa panya, itabeba magunia ya nusu mwaka na mitungi ya maharagwe, na kitanda kitabaki kitanda. Katika ploti ya vyumba vya kupanga, chumba kimoja kwa kila 20 kitafanya kazi hiyo. Serikali ya kaunti, inayoidhinisha ramani, ina uwezo wa kulidai hilo kama inavyodai choo na dirisha.

Hadi siku hiyo, familia iliyo katika futi 10 kwa 10 ina la kufanya mavuno haya haya: kausha, pima kwa chumvi, inua kitanda, funga hewa nje, weka nafaka ya miezi na uliachie soko mboga ya siku. Si jambo la ustadi wa mama peke yake, na asilaumiwe peke yake gunia likioza. Mji unaolishwa na mashamba yanayouzunguka unapaswa kuwajengea wakazi wake mahali pa kuweka walichovuna.